Kaka Aliyeshika Lori

Kaka yangu alipokuwa akipanda milima ya nchi za watu kwa baiskeli, mimi nilikuwa Mbuba, kijijini kwetu, nimekaa. Ndiyo kazi ninayoiweza. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya kwenda Lusahunga kutafuta bati. Nilirudi naumwa mgongo, nikaapa kwamba dunia nimeshaiona. Hata ndizi za mama hupelekwa sokoni na mtu mwingine.

Zamani mtu huyo alikuwa kaka. Alifunga mikungu kwenye keria mpaka ukimtazama kwa nyuma ulidhani mgomba umejifunza kuendesha. Vijana wenzake wakifika kwenye mwinuko wa barabara ya lami walishika nyuma ya lori linalokwenda Rusumo, likawavuta hadi juu huku wanapiga miluzi. Kaka hakushika. Alikanyaga, na akishindwa alishuka akasukuma. Yeye mwenyewe hakujisifu kwa hilo, mama alimfanyia kazi hiyo. "Wa kwangu hajawahi kushika lori," aliwaambia hata waliokuja kuomba moto tu.

Kwa hiyo wanamichezo waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye barabara ile walipomwona, na timu ya ng'ambo ya mpaka ikamchukua na kumlipa mshahara kwa kuendesha baiskeli, hatukushangaa sana. Mama ndiye aliyetilia shaka, alipoona picha ya baiskeli yake mpya kwenye simu yangu.

"Haina keria," alisema. "Sasa wanabeba nini?"

Kisha redio ikatuambia mengine. Kaka amepimwa, amekutwa na dawa ya kuongeza damu, amefungiwa kushindana. Mama hakuliona kosa. Kama alipungukiwa damu si angesema? Mama angemtumia matembele. Nilipomweleza kwamba dawa ile humpa mtu pumzi ambayo si yake, alichukua jembe, akaenda shambani, na jioni akarudi na jibu: mwanawe ametiliwa kitu. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, aone haikutiliwa kitu, ndipo ampe. "Huko ugenini nani alimwonjea mwanangu?" akauliza. Basi habari hiyo ikaenda kisimani, kanisani, sokoni. Watu wakampa pole, wengine wakicheka wakishageuka.

Mimi nilijua. Kaka alikuwa ameniambia kwenye simu: hakutiliwa, alinyoosha mkono mwenyewe akachomwa sindano.

Alirudi bila baiskeli, amekonda kote isipokuwa miguu.

"Karibu, bingwa," nikamwambia. "Nilikulindia nyumba."

Akalitazama tumbo langu. "Naona. Hasa upande wa jikoni."

Mama alikuwa ametengeneza pombe ya ndizi na kuita majirani, ili wampe pole vizuri. Nikamvuta kaka nyuma ya nyumba. Nilimwambia wamekuja na pole zao, azipokee tu, mama abaki na heshima yake. "Wewe kaa kimya. Kukaa ni kuzuri, niulize mimi." Alicheka, lakini hakuniahidi kitu.

Aliyeanza ni mzee jirani yetu, ambaye amekuwa akinywa pombe ya mama tangu sisi hatujazaliwa. Kaka alimpa shikamoo.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Tumesikia walivyokutilia dawa."

Mama alitikisa kichwa kwa uchungu, kibuyu kikiwa mkononi, tayari kuonja ampe mwanawe. Kaka alimgeukia mama.

"Mama, hakuna aliyenitilia kitu. Mlima ulinishinda, wenzangu wananipita. Nikashika lori."

Hakuna aliyeuliza lori gani. Mama akakishusha kibuyu bila kuonja. Nikaanza kusema jambo kuhusu mvua, akanitazama, nikaiacha mvua.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na mimi nimezunguka kata nzima nikiwatukana wenzako," akamwambia kaka.

"Nisamehe."

"Wao ndio wa kuombwa radhi, nao wako mbali." Kisha akamsogezea kaka kibuyu. "Leo unagawa wewe."

Kugawa ni kazi ya mwenye nyumba. Ukimkataa anayegawa, umesema humwamini, na kaka alilijua hilo kuliko sisi sote. Akaonja, akampa mzee.

Mzee akachungulia ndani ya kibuyu, akachungulia tena. Niliwaza kwamba akisema hana kiu, kesho kaka ataondoka Mbuba, na safari hii hatarudi.

"Leo nikipanda kilima changu mbio," alisema, "mke wangu atajua nimetoka kwa nani."

Akanywa, na hakunywa kwa adabu. Wengine wakafuata. Mama alisubiri mpaka mwisho.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Onja tena, nione."

Akaonja tena. Mama akapokea, akanywa taratibu, akafuta mdomo kwa pindo la kitenge.

"Baiskeli yako ya keria bado ipo. Kesho ndizi ziende sokoni. Ukifika kwenye mwinuko, shuka usukume."

"Na huyu?" kaka akanionyesha kwa kidevu.

"Huyo mwache. Nyumba italindwa na nani?"