Kikombe Nilichomnyima Mama Njeri

Nimekosa, ndugu zangu. Mimi mzee wa kanisa huku Mau Narok, niliyewafundisha wengi maana ya damu ya Yesu, niliizuia isimfikie mwenye kiu!

Jirani yangu, nimwite Mama Njeri, alikuwa akipika chang'aa. Kifungua mimba wangu alikuwa mteja wake, na pombe hiyo ikammaliza. Sikumsamehe mama huyo.

Kisha Mama Njeri akaokoka. Akamwaga pombe yote, akaungama mbele ya kanisa, pasta akamkubali mezani.

Jumapili ya Meza ya Bwana nilipitisha sinia la vikombe, benchi baada ya benchi. Nilipomfikia alikuwa tayari amenyoosha mkono. Nikaliinua sinia, nikampa aliyeketi kando yake!

"Mzee, umeniruka," akanong'ona.

"Subiri kwanza, mama. Tukuangalie kama umetakasika."

Nyuma yetu mtu akacheka. "Alizoea kutupimia. Leo amenyimwa hata tone!"

Mama Njeri hakurudi kanisani tena. Wala pombe hakuirudia. Alilima viazi vyake, na akinikuta njiani alinisalimu, "Bwana asifiwe, mzee." Ee Mungu, salamu hiyo ilinichoma!

Aliugua mapafu. Niliposikia amezidiwa, nilibeba mkate na kikombe, nikaenda. Binti yake, Njeri, alikuwa amemwinua kichwa. Mama Njeri akanitazama bila hasira.

"Mzee, sasa nimekuwa safi wa kutosha?"

Nililia kama mtoto. "Mama, hata mimi sijawa. Ndiyo maana damu ya Yesu ilimwagika."

Nikamwekea kikombe mdomoni. Hakuweza kumeza. Divai ikateremka shavuni, Njeri akaipangusa kwa leso. Jioni hiyo akatuacha.

Najua Yesu hakungoja sinia langu ili ampokee. Kwa hilo namshukuru. Lakini mama huyo aliondoka akijiona mchafu, na uchafu huo nilimpaka mimi!

Wewe utakayeshika sinia Jumapili hii, ukimkuta benchini mtu aliyekuumiza, usimruke! Damu ile haimngoji mtu aoge kwanza ndipo imwoshe. Ingengoja, mimi na wewe tungekuwa wapi?

Bado napitisha vikombe. Nikifika pale alipokuwa akiketi, vikombe hugongana. Watu hudhani ni uzee.