Skrini ya Gari kwenye Mimbari ya Mhugu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika tochi. Fundi Mkuu alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya pikapu, miguu nje, nami nimechuchumaa mlangoni nikimmulikia, huku moshi wa nyama choma kutoka Soko la Burma ukituingilia dirishani. Nilikuwa nimeacha shule kabla ya kumaliza msingi. Si kwamba masomo yalinishinda. Sikuweza kukaa kitako. Kila nilichokiona nilitaka kukifungua nione kuna nini ndani.

Duka letu lilifunga redio za magari. Redio ina nyaya mbili za umeme, mwekundu wa kuleta na mweusi wa kurudisha. Lakini Fundi Mkuu alivuta ule mwekundu tu kutoka kwenye betri. Mweusi aliukata mfupi, akaufunga kwa skrubu kwenye bati la gari papo hapo.

“Sasa stima itarudi na nini?” nikauliza.

Akatoa kichwa. “Wewe kijana, unapanda gari kila siku na hujui unapanda nini? Gari yenyewe ni waya! Chuma yote hii, kutoka bampa mpaka bampa, imeshikana na betri, stima inarudi nayo. Hiyo ndiyo tunaita athi. Na umulike huku, wacha kunimulika macho.”

Sikuisahau athi. Kwa miaka mingi nilifunga redio, ving’ora na taa bila kuvuta waya mweusi mrefu hata mara moja. Mkono wangu ulizoea hivyo, na nyinyi mlio kazini mnajua mkono ukishazoea hauulizi kichwa.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akafanya kazi kwenye banda la wachongaji mpaka uzeeni. Alitamani mimi, mwanawe wa kwanza, nishike tezo, ile zana ndogo ya kuchongea inayofanana na shoka. Sikutaka. Wenzangu walipouliza mzee anafanya kazi gani, niliwaambia yuko kiwandani. Alikuwa akirudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nyusi, nami nikimwona kwa mbali navuka barabara.

Kutoka Burma nilihamia kwa mtengenezaji wa friji, nikachoka. Nikaenda mtaa wa Fedha, mahali walipofunga mageti ya umeme. Msimamizi wa huko alinivumilia kwa muda, kisha akaniambia mbele ya wenzangu, “Wewe hufanyi kazi hapa, unatalii.” Walicheka, nami nikacheka, kisha nikaondoka. Mwishowe niliangukia duka la kutengeneza kompyuta kuukuu pale mtaa wa Tena. Mkuu wa duka alikuwa mama mmoja mpole aliyesomea kazi hiyo chuoni. Tulimwita Meneja.

Meneja ndiye aliyenifundisha pawa saplai. Hicho ni kisanduku cha bati ndani ya kompyuta, kinachopokea umeme mkali wa ukutani na kuugawa kuwa umeme mdogo. Waya wa njano hutoa volti kumi na mbili, mwekundu volti tano, na mweusi ndio wa kurudi. Ukikitoa ndani ya kompyuta hakiwaki, mpaka ugusanishe waya wa kijani na mweusi. Hapo ndipo feni yake huanza kuzunguka. Vile vya zamani huyumba visipopata mzigo, kwa hiyo kwenye ule mwekundu nilifunga balbu ya indiketa ili kitulie.

Nilifurahi kama mtoto. Volti kumi na mbili ni umeme wa gari! Skrini ndogo zile bapa zinazowekwa kwenye dashibodi, ambazo nilikuwa nimezifunga nyingi, sasa ningeweza kuziwasha popote penye soketi.

Wakati huo kanisa letu pale Tena lilikuwa likijengewa mimbari mpya, na mchongaji wake alikuwa baba. Hakutaka malipo. Alisema, “Kila nilichochonga maisha yangu yote kimepanda ndege. Sijui kiko nyumba ya nani. Hiki kitabaki hapa, nikitaka kukiona nitakuja kukiona.”

Aliichonga kwa mhugu, mti mgumu wapendao wachongaji, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Pasta alitaka skrini ndogo iwekwe juu yake ili asome maandiko na maneno ya nyimbo. Baba akachonga fremu ya kuizunguka, msafara wa watu wa mtaa wakipanda kuelekea juu: mfanyakazi wa reli na taa yake, karani na mwavuli, dereva, mama na kiondo. Wa mwisho kabisa, chini kushoto, alikuwa mzee mdogo mwenye tezo begani. Alikuwa amejichonga mwenyewe.

Kazi ya skrini nikapewa mimi. Kwa mara ya kwanza tungefanya kitu kimoja, mimi na yeye.

Dukani niliijaribu. Waya mweusi wa skrini niliufunga kwa skrubu kwenye mguu wake wa chuma, kama nilivyofundishwa Burma. Nikaiweka juu ya kile kisanduku cha bati, nikaunganisha wa njano, ikaangaza bluu. Nikaridhika.

Jumamosi, siku moja kabla ya mimbari kuwekwa wakfu, tukaenda kanisani. Meneja alileta kompyuta aliyolitolea kanisa. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Baba alikaa benchi la mbele, amevaa koti lake la Jumapili. Nikaufunga mguu wa skrini kwa skrubu ndani ya fremu, kisanduku nikakiweka chini nyuma ya mimbari, nikavuta waya wa njano, nikawasha. Feni ikazunguka. Balbu ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

“Fundi, hiyo kitu imekataa wokovu?” kijana mmoja wa sauti ya tatu akauliza. Kwaya ikaangua kicheko.

“Mweusi umerudisha?” Meneja akaniuliza taratibu.

“Nimerudisha,” nikamjibu bila kugeuka. Sikuwa nadanganya. Mkono wangu ulijua umerudi.

Nikaisukuma skrini. Ikalia kwe! Kweli upande wa chini kushoto ilikuwa imekaza kidogo. “Inabanwa,” nikasema. “Mbao inaikunja, ndani kuna kitu hakigusani.”

Baba akasimama. “Wapi?”

“Hapa chini.”

Meneja akainama kuangalia. “Mzee, si hapa ni wewe?”

“Ni mimi,” baba akasema, akitoa patasi mfukoni. “Hawa wengine siwezi kuwatoa. Hao ni watu wa watu.”

Nilipaswa kumwambia angoje. Mtu yeyote mwenye haya angemwambia angoje. Badala yake, kwa kuwa pale chini palikuwa na giza, nilimshikia tochi.

Alikata polepole. Kichwa kilitoka kwanza, kisha bega lenye tezo, kisha kiwiliwili. Alipoacha, zilikuwa zimebaki nyayo mbili tu kwenye ukingo wa fremu. Vile vipande akavitia mfuko wa koti.

Nikawasha. Giza.

Meneja, katika kujaribu hili na lile, akachomeka waya wa picha kutoka kwenye kompyuta yake. Skrini ikapepesa, ikawaka, na maneno ya wimbo yakaanza kutetemeka juu yake. Watu wakapiga makofi.

“Si mnaona?” baba akasema. “Ilikuwa inabanwa.”

Mimi nilikuwa nikiutazama ule waya wa picha. Ganda lake la nje ni chuma, na umeme ulikuwa umepata njia ya kurudi kupitia humo na kwenye mwili wa kompyuta, hadi kwenye kisanduku changu kwa waya wa athi wa soketi. Njia nyingine haikuwapo. Mguu wa skrini, ambao dukani ulikalia bati, hapa nilikuwa nimeufunga kwenye mhugu. Fundi Mkuu aliniambia gari ni waya. Hakuniambia mti ni waya.

“Baba,” nikasema, na kwaya nzima ikasikia. “Haikuwa mbao. Ni mimi. Umeme sikuupa pa kurudi. Hukuhitaji kukata.”

Aliifuta patasi kwenye mkono wa koti lake. “Saa hii inawaka?”

“Inawaka.”

“Basi weka huo waya wako vizuri, isije ikazima pasta akisoma.”

Nikavuta waya mweusi kando ya ule wa njano. Haukuzidi urefu wa mkono wangu. Skrini ikatulia, ikang’aa, ikabaki hivyo.

Baadaye nilimwomba vile vipande nivibandike. Akakataa. “Gundi huonekana,” akasema.

Siku hizi macho yangu hayaoni skrubu, na kazi nimeiacha. Vijana wa mtaa wakiniletea kitu kimezima, huwauliza kwanza kimekaa juu ya nini, chuma au mbao. Wanadhani ni mazoea ya uzee. Ile skrini ilikufa kitambo. Ukutani sasa kuna runinga kubwa. Baba naye tumemzika. Mimbari iko palepale.

Alipokuwa hai, wageni wakija kanisani alikuwa akiwashika mkono na kuwapeleka mbele, nami akiniita nifuate. Aliwaonyesha mfanyakazi wa reli, karani, dereva, mama na kiondo. Kisha kidole chake kilishuka mpaka kwenye zile nyayo mbili.

“Na huyu ni mimi,” aliwaambia.

Wageni walitafuta mtu wasimwone. Hapo aliniwekea mkono begani, akicheka kwa fahari, asijue au asijali ninavyoungua.

“Nilisimama kando,” aliwaambia, “nikampisha mwanangu apitishe stima.”