Mwanapunda wa Naishorua

Naishorua hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Jambo likimkaa kooni alilitema hapo hapo, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali, na majuto yake aliyapeleka nyumbani akayala peke yake. Wamaasai wenzake wa tambarare ile ya chini ya Same, upande wa Mkomazi, walikwisha kumzoea. Walisema ana mdomo mkali na mkono mpole, na hawakukosea.

Aliolewa akiwa binti mdogo, akazaa watoto wanne, akazika watatu. Mume wake alipofariki, ng'ombe wengi walikwenda kwa shemeji zake kwa maneno mengi ya busara, naye akabaki na wachache pamoja na punda. Punda kule ni mali ya wanawake, na hakuna mwanamume anayejisumbua kugombea punda. Kwa migongo ya punda hao alibeba maji, akabeba mahindi kutoka mnadani, akamlea Loserian, mtoto pekee aliyebaki. Kama ulitaka kumuudhi Naishorua, umtukanie punda wake.

Basi Loserian akakua, akawa dalali wa ng'ombe mnadani, akampenda Sumaiya, binti wa mzee Salehe, Mpare muuza vitambaa wa mjini Same. Kijana akasilimu ili amwoe. Naishorua aliumia, tusifichane. Aliona hata huyu wa mwisho anachukuliwa, safari hii na watu wa dukani. Siku ya arusi, pilau ikiwa bado imo kwenye sinia, alisimama mbele ya wageni akasema kwa Kiswahili, ili asibaki mtu ambaye hakuelewa:

"Damu hizi mbili hazitapatana. Huyu ni wa kwenu, na huyu ni wa kwetu. Mtakuja kuniambia."

Wageni waliinamisha macho. Bibi arusi aliyasikia yote chini ya shela.

Mwaka uliofuata mimba ya Sumaiya ilitoka. Ikaja ya pili, nayo ikatoka ikiwa imeshakuwa mtoto wa kiume mwenye kucha. Loserian alimzika kwa mikono yake. Pale kwenye bomba la maji, mahali ambapo midomo haina pazia, wanawake wakakumbushana maneno ya mama mkwe, na wako waliomsifu kwamba aliona mbali. Sifa ile ilimchoma Naishorua kuliko tusi. Alikuwa amesema kwa hasira tu, lakini kwa watu wake neno la mzazi si upepo. Likishatamkwa linaweza kumfuata mtu huko aliko. Akaanza kukiogopa kinywa chake mwenyewe.

Hapo ndipo alipozaliwa mwanapunda yule.

Ulikuwa ukame mkali uliomaliza ng'ombe wengi. Punda milia walitoka hifadhini wakawa wanatafuta majani pamoja na mifugo, na mtu hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Punda jike mmoja wa Naishorua, yule mtundu aliyependa kupotea, akarudi na mimba. Alipozaa, alizaa jike la rangi ya vumbi, kichwa na masikio ya mama yake, lakini miguu yote minne ilikuwa na milia myeusi hadi kwenye kwato. Majirani walikuja kutazama wakashika midomo. Lembris, shemeji yake mkubwa, akashauri kiumbe kile kiuawe kabla hakijaleta balaa. Naishorua alimfukuza shemeji huyo zizini kwa fimbo.

Yeye alikuwa ameona jambo jingine. Damu mbili zisizojuana zilikuwa zimekutana, na kilichotoka humo kilikuwa kimesimama kwa miguu yake, kinanyonya. Kama punda na mnyama wa porini wameweza, basi Mmaasai na binti wa Kipare watashindwaje? Alilia kwa furaha, akamtuma Loserian amlete mkewe.

"Huyu ni wako," alimwambia Sumaiya. "Akiacha kunyonya umchukue. Azae kwako, na wewe uzae."

Sumaiya alimshika mwanapunda shingoni, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akashukuru. Siku hiyo wakanywa chai pamoja, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea tangu ndoa ile ifungwe.

Habari za mnyama mwenye miguu ya milia hazikukaa bomani. Haikupita miezi mingi akaja Clemence, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akifuatilia punda milia wa upande ule. Alikuwa kijana mwenye adabu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumwangalia, au kumchukua?"

"Kumwangalia tu, na kuchukua nywele chache za mkia, ukiniruhusu."

Akaruhusiwa. Alimpapasa mnyama, akapiga picha, akamsifu afya. Kisha, bila kujua anakanyaga wapi, akasema, "Atakubebea maji miaka mingi huyu. Ila usitegemee mtoto kwake. Wa namna hii karibu wote hawazai."

Roho ya Naishorua ilishtuka. "Hazai? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, mama. Baba yake na mama yake ni spishi mbili."

Neno lile lilikuwa geni kwake, naye Clemence akakaa juu ya jiwe akalieleza. Alisema spishi ni viumbe wanaohesabiwa kuwa wa aina moja, lakini kuwahesabu si kazi rahisi. Wako wataalamu wanaotazama umbo, wako wanaopima urithi uliomo ndani ya damu, na wakikutana hubishana hadi chai inapoa.

"Kipimo kinachotajwa zaidi ni hiki," alisema. "Wakikutana wenyewe wakazaa, na watoto wao nao wakazaa, hao ni wamoja. Uzao ukikomea kwa mtoto, ni wawili. Mbuzi na kondoo wako wanalala zizi moja. Umewahi kupata mtoto wao aliye hai?"

"Sijawahi."

"Na ng'ombe wa kienyeji akipandwa na dume la kisasa?"

"Anazaa. Na ndama akikua naye anazaa. Tunao hapa."

"Basi hao ni spishi moja, hata kama hawafanani. Lakini nisikudanganye, mpaka wenyewe si ukuta. Wapo viumbe wanaotushinda, hatujui tuwaweke wapi."

Naishorua alikuwa hasikii tena habari za mipaka. Sumaiya, aliyepoteza mimba mbili, alikuwa amepewa na mama mkwe wake baraka isiyozaa. Akapiga moyo konde.

"Na watu?"

"Watu wamefanyaje?"

"Mmaasai na Mpare. Wakioana."

Clemence alitaka kucheka, akauona uso wa mama yule, akaacha. "Watu ni spishi moja, mama, dunia nzima. Hakuna kabila ambalo damu yake inagombana na ya kabila jingine."

"Na mimba zikitoka?"

"Zinatoka kwa sababu nyingi, na daktari ndiye wa kuzitafuta. Lakini sababu haiwezi kuwa kabila."

Mtaalamu alipoondoka, Naishorua alibaki zizini hadi jua likazama. Alipaswa kufurahi. Badala yake aibu ilimshika mwili mzima. Kama damu zile hazikuwahi kugombana, basi maneno yake ya arusini hayakuwa hata laana. Yalikuwa uongo mtupu, aliombebesha binti wa watu siku ya arusi yake.

Kulipokucha alichagua mtamba wake bora, wa ukoo wa ng'ombe aliokuja nao kutoka kwa mama yake, akamfunga kamba. Lembris alimzuia njiani. Kwao mnyama akishatolewa zawadi hafutwi kwa kuleta mwingine badala yake. Kumfuta ni kuufuta udugu alioufunga. Naishorua alijua hayo vizuri kuliko yeye, akampita.

Alimkuta Sumaiya uani kwake mjini, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama. Mbona umekuja kwa miguu?"

"Marahaba." Naishorua hakuketi. "Yule mwanapunda hatazaa. Mtaalamu ameniambia. Sikujua, mwanangu, Mungu ni shahidi. Nisingekupa wewe kitu kisichozaa. Chukua huyu badala yake."

Sumaiya aliweka ungo chini. "Nilijua, mama. Nilijua siku ile ile. Tulifundishwa shuleni."

"Ulijua, ukampokea?"

"Ulikuwa na furaha. Ningesemaje?"

Naishorua alishika mwimo wa mlango. Akayatoa yote yaliyobaki: kwamba watu ni spishi moja, kwamba damu zao hazikuwa na ugomvi wowote, na kwamba alichokisema arusini kilikuwa uongo.

"Hilo nalo nilijua," alisema Sumaiya. "Nililijua siku zote. Lakini nilipokuwa kitandani damu inanitoka, sikukumbuka la mwalimu. Nilikumbuka la kwako."

Naishorua alilia waziwazi, bila kujifunika uso. Sumaiya alimwacha alie. Hakumwambia basi inatosha, kwa kuwa haikuwa imetosha. Aliposema tena, alisema taratibu:

"Wanyama wote wawili nawapokea, mama. Ila yale uliyasema mbele ya watu. Na haya kayaseme mbele ya watu."

Ilikuwa karibu na adhuhuri, na duka la mzee Salehe lilikuwa limejaa wateja, wengi wao waliokuwapo arusini. Naishorua alisimama kizingitini na shuka lake jekundu, vumbi hadi magotini. Mzee Salehe alipomwona aliacha kupima kitambaa.

"Mimi ni mama yake Loserian," alisema, kwa sauti ile ile ya kuita ng'ombe walio mbali. "Siku ya arusi niliwaambia uongo."

Wateja wakamgeukia, naye akaendelea kusema hadi akamaliza.