Pipa Namba 417 Limekwisha

Kwa miaka thelathini na mmoja Arvella Skaggs alikuwa mwandika namba. Katika kiwanda cha wiski cha Pilcher na Wanawe, nje kidogo ya mji wa Bardstown, chupa zilimfikia mezani zimeshajazwa na kuzibwa, lebo ina mistari mitatu mitupu, naye akaijaza kwa kalamu ya wino mweusi: namba ya pipa, ghorofa ya ghala lilikolala, siku lilipomwagwa ili kutiwa kwenye chupa. Pembeni chini akaweka herufi mbili za jina lake. Wanunuzi hawakumjua sura, lakini mwandiko wake waliujua, hasa ile saba yake yenye mkia uliopinda kama wa paka.

Ukiitazama haraka utasema ni kazi ya mtu asiye na kazi. Lakini bourbon, hiyo wiski ya mahindi, ikiwa ya pipa moja ni ya pipa moja, haichanganywi na nyingine. Pipa lililolala chini penye ubaridi na lile lililochomwa na jua ghorofa ya sita, hata kama yalijazwa siku moja kwa mahindi ya shamba moja, hayafanani kabisa. Mtu anapolipa bei ile analipia hiyo namba. Na Arvella aliiandika kweli, siku zote, hata siku alizokuwa na homa, hata wiki aliyomzika mama yake.

Sasa Grayson Pilcher, mwenye kiwanda, alimtaka aandike uongo.

Ilianza na furaha. Mwezi wa nne barua ilikuja kutoka kwenye mashindano ya Louisville: chupa ya pipa namba 417 imepata dhahabu maradufu. Watu wakapiga kelele hadi kwenye matangi ya kuchachushia. Arvella mwenyewe alilia kidogo, maana ndiye aliyelinusa pipa lile ghorofa ya sita karibu na dirisha la magharibi, akasema hili lisiguswe, lipelekwe peke yake.

Na mashindano yale aliyajua. Zamani, kabla Pilcher hawajawahi kupeleka chupa, aliwahi kwenda miaka miwili mfululizo kusaidia kumimina kwenye chumba cha nyuma. Majaji wanakaa wanne wanne, asubuhi, kabla ulimi haujachoka. Chupa hawaioni, lebo hawaioni. Wanaletewa glasi zenye vifuniko na namba za siri. Wananusa, wanapiga funda, wanatema kwenye kikombe, wanatia tone la maji, wananusa tena, wanatafuna mkate mkavu. Anayepayuka kabla wenzake hawajaandika anakaripiwa kama mtoto wa shule. Na wote wanne wakiandika dhahabu, asibaki hata mmoja, ndipo inaitwa dhahabu maradufu. Arvella alimwona kwa macho yake jaji mmoja mwenye ndevu akiitupilia mbali chupa ya bei ya ng'ombe na kuisifu ya bei ya viatu, halafu alipoonyeshwa baadaye akashika kichwa. Tangu siku ile aliiheshimu medali. Pale jina la baba yako halikusaidii.

Basi Grayson akaja mezani, ana kikombe cha kahawa na tabasamu la mtu anayetaka kitu.

"Bi Arvella, hongera tena. Pua yako ni hazina."

"Sema unachotaka, Grayson. Kahawa yako inapoa."

"Maagizo yamefurika. Lile 417 lilitoa chupa mia na kumi na nane tu."

"Malaika walikunywa sana ghorofa ya sita, nyingine yote ilipotea hewani. Miaka kumi na mmoja ya joto lile, ulitegemea nini?"

"Ndiyo. Sasa, tuna 422 na 431. Yalilala safu hiyohiyo, karibu kabisa. Nataka uyaandike 417."

Arvella aliweka kalamu chini. "Rudia."

"Ni majirani, Bi Arvella. Tofauti ni kama hakuna."

"Mimi na jirani yangu tunakaa ukuta kwa ukuta. Ukimwita kwa jina langu, atageuka?"

"Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi! Herufi zangu ziko pale chini, au hujawahi kuziona?"

Mtoto huyu Arvella alimlisha kwa mkono wake, hakika. Alipokuwa na miaka sita alikuwa akija kwenye meza hiihii kuomba vipande vya keki ya tufaha, mikono imejaa vumbi la ghala. Leo amekwenda chuo, amerudi na suruali ya kubana, anamfundisha mtu wa miaka hamsini na tisa kuandika namba!

"Haya," alisema Arvella, akisimama. "Unasema hakuna atakayejua. Tukae kama majaji wanavyokaa. Delmer!"

Delmer Voss, msukuma mapipa, alikuwa mlangoni akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Huyu ndiye aliyeweza kulianzisha pipa kwa pembe fulani, likabingirika safu nzima na kusimama kizibo cha ubavuni kikiwa juu kabisa, bila kulisogeza tena hata kidole. Kizibo kikikaa chini pipa linavuja, na Delmer hakuwahi kuvujisha.

"Nimesikia, dada, nimesikia. Glasi tatu, moja kwa kila pipa. Nimimine nyuma, msione."

"Na usimpe ishara bosi wako."

"Nimpe ishara ya nini? Mimi mwenyewe nikitoka nje ya mlango nasahau ipi ni ipi. Nitaandika chini ya glasi."

Alirudi na glasi tatu zilizofunikwa visahani. Grayson alinusa, akapiga funda, akatazama dari kama wanavyofanya kwenye picha za magazeti. Akaishika ya katikati.

"Hii. Hii hapa. Vanila, ngozi, ule utamu wa mwisho. Hii ndiyo 417. Siwezi kukosea."

Arvella alionja zote, akatema, akasukuma ya kushoto mbele. "Hii."

Delmer akaziinua glasi, akasoma chini yake. Ya kushoto, 417. Ya katikati, 431.

"Pole, bosi," alisema Delmer. "Umempa medali mtoto wa jirani."

Mwingine angeona haya. Grayson akacheka, akapiga makofi! "Mnaona? Hata mimi, Pilcher wa kizazi cha nne, nimeshindwa. Basi mnunuzi kutoka Ohio atajuaje?"

Arvella alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. "Kama haitofautiki, ile medali umepewa kwa ajili ya nini? Warudishie! Waambie wale wanne walikaa asubuhi nzima wanatema kwenye vikombe bure!"

Tabasamu la Grayson liliondoka. "Jumatatu inakuja mashine ya kuchapa lebo. Haina maswali. Wewe utakunja maboksi, Bi Arvella. Au unaweza kwenda nyumbani ukapumzike, ni juu yako."

Kukunja maboksi! Miaka thelathini na mmoja!

Alikunja. Wiki tatu alikaa kwenye kona akikunja, mashine ikitema 417, 417, 417, saba zake zimenyooka kama misumari, na chini pembeni, Mungu wangu, herufi zilezile mbili. Walikuwa wamezipiga picha. Walichukua mkono wake wakauacha mwili wake kwenye maboksi. Usiku hakulala vizuri, na mchana nyama ya chumvi na mkate wa mahindi alivyobeba kutoka nyumbani vilirudi havijaguswa.

Siku moja alikwenda nyuma ya kiwanda kupata hewa, akaliona.

Pipa la bourbon halijazwi bourbon mara ya pili. Sheria ndiyo hiyo, pipa jipya la mwaloni kila mara, na likishamwagwa linangoja uani hadi lori lije kulichukua, wengine wanalipeleka ng'ambo, wengine wanalikata nusu na kupandia maua. Grayson, mwenye mahesabu yake yote, alikuwa amesahau uani. Pale, safu ya pili, lilikaa 417, namba imechomwa kwenye kifuniko cha mbao, tupu, kavu, linalia ukilipiga ngumi.

"Delmer," alisema jioni ile. "Jumamosi mauzo ya hizo 417 yanafunguliwa saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini watu watakuwepo alfajiri na viti vyao, unawajua." Delmer alimtazama. "Unataka nilibingirishe wapi?"

Jumamosi foleni ilizunguka jengo, watu kwenye viti vya kukunja, wanakula biskuti za moto na soseji, wanabishana kuhusu ghorofa kama watu wanaobishana kuhusu farasi. Delmer alilisukuma pipa kutoka uani, likabingirika polepole mbele yao wote, likasimama mlangoni kizibo kikiwa juu. Kisha wakaliinua wima. Arvella akatoa chaki, na mbele ya foleni nzima akaandika kwenye kifuniko: *Limemwagwa tarehe 9 Machi. Chupa 118. Limekwisha.* Saba ya namba ilikuwa imeshachomwa pale, lakini aliipitia kwa chaki, akaitia mkia.

Mwanamume mmoja wa Ohio, mwenye kapelo, alikuwa wa kwanza. Alisoma, akachungulia dirishani.

"Samahani, mama. Kama limetoa mia na kumi na nane, zile pale ndani mbona zinapita mia mbili?"

"Muulize mwenye kiwanda."

Grayson alitoka mbio, akaona pipa, akaona simu ishirini zimeinuliwa kupiga picha. Uso ukawa mweupe kama lebo.

"Ni mashine," alisema kwa sauti. "Mashine imekosea namba. Tutarekebisha mara moja."

"Mashine haijawahi kuingia ghalani," alisema Arvella. "Mtu ndiye aliyeiambia."

Watu wakaguna. Wengine walikunja viti wakaondoka. Grayson alimsogelea, akanong'ona, "Bi Arvella, tafadhali. Njoo uandike."

"Kiti changu kiko wapi?"

Alikileta mwenyewe, mikononi, mbele ya watu. Arvella alikaa pale pale kando ya pipa, akapewa ndoo ya maji na kitambaa, akabandua lebo moja moja na kuandika mpya. 422. 431. Ghorofa ya sita. A.S. Wale waliobaki walingoja.

Yule wa Ohio aliichukua ya kwanza, akaisoma. "Hii ina medali?"

"Haina. Haijapelekwa kwa jaji yeyote."

"Ni nzuri?"

"Kaimimine kwenye glasi, uifunike, umpe mkeo bila kumwambia chochote. Mimi hapa nimeandika tu inakotoka."

Magazetini Grayson alisema ilikuwa mashine, na hadi leo hajatamka samahani. Medali iko ukutani kwake. Arvella akipita mlangoni haitazami. Anakwenda mezani, anakaa, anavuta chupa inayofuata, anasoma namba kwenye karatasi ya ghala mara mbili, kisha anaandika.