Wino Mwekundu Nyuma ya Kadi

Ofisini walimwita Wembe, naye jina hilo alilipenda. Kwa miaka kumi na tisa alikagua kadi za kamusi ya Kiingereza ya shule. Mbele ya kadi paliandikwa neno, maana, asili na mfano. Nyuma, maoni ya mkaguzi kwa wino mwekundu, yasiyozidi maneno manne. Maoni hayakufutwa kamwe, na kila Ijumaa mkuu wa ofisi aliyasoma yote.

"Leo umechinja wangapi?" dada wa meza ya pembeni, mwandishi wa kadi, alimtania kila alipomkabidhi fungu lake.

"Umebaki wewe tu, dada. Wengine wamekimbia."

Siku moja fungu hilo lilikuwa na makosa kumi na moja: herufi zimerukwa, mstari mmoja umeandikwa mara mbili. Wembe alikuwa na haraka ya kutoka. Akaandika nyuma ya kadi ya juu: "Macho yamekwisha. Akapumzike." Kwake ulikuwa ukali wa kila siku. Mkuu aliusoma kama pendekezo. Jumatatu kiti cha dada kilikuwa kitupu, sweta lake bado limening'inia kitini.

Wiki nzima Wembe alipita mbali na kiti kile kama mtu anayekwepa mdai wake.

Ndipo likamfikia fungu la mwisho la dada: maneno ya watu wasiozunguka katika kusema. Curt, aliandika dada, latoka Kilatini, lenye maana ya kitu kilichokatwa kikawa kifupi. Brusque lilipitia Kifaransa kutoka Kiitaliano, na huko lilikuwa uchachu wa mdomoni. Frank latokana na jina la Wafranki, waliokuwa watu huru katika nchi walizoteka. Na aliye huru husema apendavyo. Wembe alikuwa huru, na kiti kile kitupu.

La mwisho lilikuwa blunt. Asili haijulikani vizuri. Kwanza lilimaanisha mtu mzito wa akili, baadaye kisu kisicho na makali, na mwisho kabisa usemi. Akaweka kalamu chini. Sisi husema maneno makali, akawaza, lakini pengine wenzetu Waingereza walijua jeraha la kisu butu, kisichokata bali kinachosaga nyama.

Mfano wa dada ulisema: "Mkaguzi wetu hapindishi maneno, ndiyo maana kadi zangu humpa yeye kwanza."

Aliinuka na kadi ile, akaenda kukaa kwenye kiti cha dada. Taa ya juu ilipepesa, ikazima, ikapepesa tena. Akajaribu kusoma mwandiko. Hakuona ila ukungu. Hapo akakumbuka. Mwaka juzi dada alimwambia, "Kaka, taa hii inanitoa machozi." Naye, kutoka mezani pake dirishani, akajibu, "Basi lia, dada." Watu walicheka. Dada pia alicheka.

Hakungoja Ijumaa. Akaandika nyuma ya kadi, "Taa mbovu. Kosa langu," akaipeleka kwa mkuu.

"Hukusema siku zote hizi?" mkuu akamuuliza. "Wewe? Wewe ambaye hata tai yangu umeitukana?"

"Nilinyamaza, mzee. Niliona haya."

Jumatano dada alirudi kwa wito wa mkuu. Wembe alikuwa amehamia pembeni, chini ya taa mpya, na meza ya dirishani ameipangusa mara mbili.

"Dada, nilikukosea. Kaa hapa."

Dada alivaa sweta lake taratibu. "Nimesikia, kaka. Asante kwa dirisha."

Alifanya kazi hadi saa kumi. Kisha akakusanya kadi zake, akazifunga kwa mpira. Wembe akaufungua wino, akasogeza kiti, akamtengea nafasi mezani.

Dada alimpita, akagonga mlango wa mkuu.

"Naomba nipangiwe mkaguzi mwingine," Wembe alimsikia akisema, kwa sauti ya upole kabisa.

Akaufunga wino.