Breki za diski, na jiwe chini ya tairi

Fundi aliyetangaza kwamba leo mawe yamestaafu ndiye aliyekwenda kutafuta jiwe.

Gari letu la porini, lile la juu lenye giaboksi ndogo kwenye kila gurudumu, limefungwa breki za diski.

Fundi mzima kapanda kutoka Katesh na maneno yake. "Mama Neema, breki za dramu ni za kizamani. Hili utalisimamisha kwa kidole cha mguu."

Sawa. Akalijaribu, likasimama vizuri. Akaliegesha hapa kwetu Tlawi, mteremkoni, akashuka anywe chai.

Kabla ya chai, akasukumia jiwe chini ya tairi.

"Fundi, asubuhi nilikuamkia vizuri, na sasa nakuuliza vizuri. Hilo jiwe la nini?"

"Mazoea tu."

Nikafungua mlango, mtoto mgongoni, nikavuta breki ya mkono. Ikaja yote kama kamba ya mbuzi aliyekwisha kukimbia.

Kumbe ilikuwa inashika kwenye dramu. Dramu kazing'oa, na hakuwaza gari likiegeshwa litashikwa na nini.

"Lakini likitembea linasimama," anasema. Mume wangu naye anaitikia kwa kichwa, na kesho ndiye wa kutushusha Dongobesh na vitunguu swaumu.

Nikasema jiwe litolewe, fundi akae na chai yake mbele ya tairi. Akimaliza kikombe, napanda na mwanangu.

Nyie mngekaa?

Yeye kasema ameshiba. Sasa anarudisha dramu za nyuma, na chai yake nimeipasha upya.