Barua Niliyompelekea Mwalimu Njeru

Nilienda Embu kumvua mtu cheo, na nilienda kwa furaha. Mwalimu Njeru alikuwa jaji wa mashindano ya kwaya, na kwaya yangu aliiweka ya mwisho. Watoto wangu hawakukosea noti hata moja! Chama chetu cha walimu wa muziki, tawi la Meru, kikaandika barua: ajiuzulu ujaji, la sivyo mashtaka yetu yasomwe mbele ya mkutano mkuu. Nikajitolea kuipeleka mwenyewe, ingawa ndiye aliyenifundisha sol-fa, zile do-re-mi, chuoni.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka nyumbani Kanyakine. Kutoka Nkubu hadi Chuka barabara inashuka mtoni na kupanda, inashuka na kupanda, kahawa na migomba kila upande, lakini sikufaidi chochote. Nilikuwa nikikariri maneno yangu makali.

Saa nne nilikuwa Embu, mtaa wa Dallas. Mlango wake ulikuwa wazi, naye ameupa mgongo, anapanga karatasi mezani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikagonga kwa ngumi. Hakutikisika. Nikasema moyoni, kumbe hata adabu imemtoka mzee huyu!

Mkewe, aliyenifahamu tangu chuoni, akatokea jikoni. "Ingia umzunguke akuone, mwalimu. Hasikii. Kwani huko Meru hamjui? Masikio iliisha tangu mwaka juzi."

Jaji wa kwaya, kiziwi!

"Mutwiri!" mzee aliita aliponiona, akanikumbatia. Yale maneno makali yote yalinipotea, nikampa tu barua. Aliisoma mara mbili. Kisha akachukua kile chuma chenye ndimi mbili tunachotafutia do, akakigonga gotini, akakiuma kwa meno.

"Siku hizi nasikia hivi tu, sauti ikipitia kwa mfupa," alisema. "Ilifaa niambie chama. Niliogopa kukaa nyumbani bure."

Nikamwandikia kwenye daftari: Sasa kwaya yangu uliipimaje?

"Na macho. Watoto wako walikuwa wamepandisha mabega, shingo imekauka, wote wanaangalia mkono yako ya kulia. Hiyo ndio unachapa nayo?"

Nikauficha mkono huo mgongoni.

"Mtoto akiogopa, pumzi inakwama kwa koo. Hiyo si kuimba, Mutwiri."

Hapo nilishtuka kuliko pale mlangoni. Kila Ijumaa niliwachapa waliokosea noti, na nikaiita nidhamu. Mtu asiyesikia alikuwa ameliona jambo ambalo mimi, mwenye masikio mawili mazima, sikuwahi kulisikia. Mzee aliandika mistari miwili ya kujiuzulu, akatia sahihi. Mkewe alinikaribisha chai na nduma, lakini niliaga.

Saa kumi na moja jioni nilifika mjini Meru, wenzangu wa tawi wakinisubiri. Mwenyekiti akaisoma barua, wakapiga makofi. "Umetuwakilisha, mwalimu!" Nikasimama, nikawaambia kwamba kwaya yangu ilihukumiwa kwa haki, na sababu nikaitaja. Makofi yakakatika. Wengine waliangalia mikono yao.

Jumatatu niliingia darasani bila kiboko, nikawaambia wanakwaya wasimame. Kwa mara ya kwanza niliwaangalia mabega. Nilipoinua tu mkono kuwapa do, yalipanda yote kwa pamoja.